Televisheni Kuwa Kioo cha Kompyuta: Kwa Nini Mpira Unachelewa?

Maramba ni mji mdogo wa wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, ulio chini ya milima ya Usambara ya Mashariki. Siku ya gulio watu huteremka kutoka vijijini na machungwa, ndizi na viungo, na vijana wao, wakisha kushusha mizigo, hutafuta mahali pa kupumzikia. Mahali pamoja pa namna hiyo palikuwa ni kibanda cha bati cha kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne. Alikuwa amenunua kompyuta iliyokwisha kutumika, akaiunganisha na televisheni ya kioo kipana ya inchi 32 iliyokuwa nyumbani kwao, akaweka mabenchi mawili, akawa anawatoza wenzake fedha kidogo kwa kila mchezo wa mpira walioucheza katika kompyuta hiyo.

Majuma mawili ya kwanza kibanda kilijaa. Juma la tatu wateja wakaanza kupungua, na lalamiko lao lilikuwa moja: ukibonyeza kitufe cha kupiga, mpira hauondoki papo hapo. Wengine walisema padi zimechakaa, wengine wakasema kompyuta ni nzee. Kijana alibadilisha padi, hali ikawa ile ile. Fedha za kununulia kompyuta zilitoka katika upatu wa mama yake, ambaye bado alikuwa na michango mingi ya kulipa. Kwa hiyo akakata shauri kuiuza kompyuta, hata kwa hasara.

Habari hii nililetewa darasani na wanafunzi wa kidato cha tatu, nao waliileta kama porojo tu. Mimi niliona kuwa ni swali la fizikia, tena zuri kuliko mengi niliyopata kuyatunga katika mitihani. Jioni tukamwendea.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Umekuja kuwafukuza wanafunzi wako?"

"Marahaba. Nimekuja kukuomba televisheni yako kwa saa moja."

Katika makala haya nitaeleza tuliyoyaona, pamoja na sababu zake, ili mwalimu mwingine aliye na televisheni moja na kompyuta moja aweze kurudia majaribio yetu bila kununua chombo chochote.

Vyombo viwili vyenye asili mbalimbali

Kwa macho, televisheni ya kioo kipana na kioo cha kompyuta ni kitu kimoja. Vyote viwili ni vibapa, vyote vina umbo la 16 kwa 9, yaani upana ukigawanywa sehemu 16, kimo huwa sehemu 9 kama hizo, na vyote hupokea picha kwa waya ule ule wa HDMI. Hata hivyo kila kimoja kilizaliwa kwa kazi yake. Televisheni ilibuniwa kwa mtu aketiye mbali, anayetazama bila kuigusa. Kioo cha kompyuta kilibuniwa kwa mtu aketiye karibu, ambaye mkono wake unangoja jibu la jicho.

Ndoa ya vyombo hivi ni ya zamani. Mwaka 1972 kampuni ya Magnavox ya Marekani iliuza mashine ya kwanza ya michezo iliyounganishwa na televisheni ya nyumbani, iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, kampuni ya Sinclair ya Uingereza ilitoa kompyuta ndogo iitwayo ZX Spectrum, ambayo haikuwa na kioo chake yenyewe: mnunuzi aliichomeka katika tundu la antena la televisheni ya sebuleni. Kompyuta hiyo iliandika herufi 32 tu katika mstari mmoja. Kompyuta ya ofisini ya IBM, iliyotoka mwaka 1981 na kutumia kioo maalumu, iliweza kuandika herufi 80. Televisheni ya wakati huo haikuwa na uwezo wa kuonyesha herufi nyembamba vya kutosha ili zisomeke.

Kwetu Tanzania Bara wimbi hilo halikufika. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, televisheni zikiwamo. Zanzibar ilikuwa tayari imeanzisha televisheni yake, tena ya rangi, mwaka 1973; Bara vituo vya watu binafsi vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Hivyo kizazi cha Wazungu kilichojifunza kuandika programu mbele ya televisheni ya baba hakina ndugu yake huku kwetu. Vijana wetu wamekutana na televisheni na kompyuta kwa pamoja, zote zikiwa za kioo kipana, na ndiyo maana wanadhani kuwa hakuna tofauti baina yao.

Picha husubiri mlangoni

Televisheni ya siku hizi ina kompyuta ndogo ndani yake, ambayo kazi yake ni kuipamba picha kabla haijaonyeshwa. Huondoa chengachenga, hukoleza rangi, hunoa kingo, na hubadili ukubwa wa picha ili ijae kioo chote. Kazi hizi huhitaji muda, na aghalabu televisheni huihifadhi picha moja, mbili au zaidi katika kumbukumbu yake ili izilinganishe.

Kompyuta kwa kawaida hutoa picha 60 kwa sekunde. Muda wa picha moja basi ni 1/60 ya sekunde, yaani milisekunde 16.7 hivi. Televisheni ikizuia picha sita ndani yake, mtazamaji huona mambo yaliyotokea milisekunde 100 zilizopita. Kwa mtu anayetazama taarifa ya habari hili si neno: sauti nayo hucheleweshwa kiasi kile kile, na hapana ajuaye kwamba msomaji wa habari alikwisha kufumba mdomo. Lakini kwa mchezaji, ambaye kidole chake ni sehemu ya mzunguko mzima, kuchelewa huko huhisika.

Lipo pambo moja ambalo yafaa tulitazame kwa makini, kwa sababu wauzaji hulisifu sana. Televisheni nyingi huandikwa "100 Hz" au "200 Hz" kwenye boksi, na mnunuzi hudhani kuwa zitamfaa zaidi katika michezo. Mara nyingi namba hiyo haisemi kwamba televisheni inaweza kupokea picha 100 au 200 kwa sekunde kutoka katika kompyuta. Inasema kwamba yenyewe hutunga picha za katikati na kuzipachika baina ya zile ilizopokea, ili mwendo uonekane laini. Sasa hebu tufikiri. Ili kutunga picha iliyo kati ya picha A na picha B, televisheni haina budi kuwa imekwisha kuiona picha B. Maana yake ni kwamba, wakati inapoonyesha ile ya katikati, B imekwisha kufika nayo imezuiliwa mlangoni. Hapana werevu wa kiwandani uwezao kuikwepa hoja hii. Kila pambo la namna hiyo hulipiwa kwa kuchelewa, na anayelipa ni mchezaji.

Tusichanganye kuchelewa huku na jambo jingine liitwalo mwitiko wa nukta, yaani muda ambao nukta moja ya kioo huchukua kubadili rangi yake. Mwitiko ukiwa wa polepole, kitu kinachokwenda huacha mkia nyuma yake kama kimondo. Picha yenye mkia yaweza kufika kwa wakati, na picha safi isiyo na mkia yaweza kuchelewa.

Jaribio la saa mbili

Tulichukua kompyuta ya mapajani ya shule, ambayo ina kioo chake yenyewe, tukaiunganisha na televisheni kwa waya wa HDMI na kuiamuru ionyeshe picha ile ile katika vioo vyote viwili. Kisha tukafungua programu ya saa inayohesabu sehemu za mia za sekunde, tukaviweka vioo sambamba, na mwanafunzi mmoja akavipiga picha vyote pamoja kwa simu. Picha ya simu husimamisha wakati. Saa zote mbili zinatoka katika kompyuta moja, kwa hiyo zikitofautiana katika picha, tofauti hiyo ni muda ambao televisheni iko nyuma ya kioo cha kompyuta.

Tuseme kioo cha kompyuta kinasoma sekunde 12.48 na televisheni inasoma 12.37. Tofauti ni sekunde 0.11, yaani milisekunde 110, au zaidi kidogo ya muda wa picha sita. Mwanafunzi aangalie jambo hili: saa katika kioo haibadiliki kila wakati, hubadilika mara 60 tu kwa sekunde, kwa hiyo kila usomaji waweza kukosea kwa milisekunde 17 hivi. Dawa ni ile ile tuliyoizoea katika maabara: piga picha nyingi, kumi au ishirini, kisha utafute wastani. Picha ambayo tarakimu zake zimepandana isitupwe ovyo. Imepigwa wakati kioo kikibadilika, na darasa lijadili ipi isomwe.

Je, milisekunde 110 ni nyingi au ni chache? Swali hili lina jibu la mezani. Mwanafunzi mmoja ashike rula juu, mwenzake aweke vidole kwenye alama ya sifuri bila kuigusa, kisha rula iachiwe ghafula. Ikiwa ameidaka kwenye sentimita 20, basi kwa kanuni ya mwendo wa kuanguka, umbali ukiwa ni nusu ya g mara muda kwa kipeo cha pili, muda ni kipeuo cha pili cha 2 × 0.20 ÷ 9.8, nao ni sekunde 0.20. Huo ndio wepesi wa jicho, ubongo na kidole cha mtu mzima wa afya. Televisheni ikimwongezea 0.11, mchezaji huyo anacheza kama mtu ambaye wepesi wake ni 0.31, yaani amezidiwa kwa zaidi ya nusu. Na mpira unaovuka kioo chote cha sentimita 71 kwa sekunde moja utakuwa umekwisha kusogea karibu sentimita 8 kutoka pale anapouona. Hapana ajabu kwamba wateja walikasirika. Padi hazikuwa na kosa, wala kompyuta.

Mwenye simu ya kupiga filamu za mwendo wa polepole anaweza kupima kwa njia ya pili. Simu ikipiga picha 240 kwa sekunde, kila picha ni milisekunde 4.2 hivi. Apige filamu ya kidole kikibonyeza kitufe pamoja na kioo, kisha ahesabu picha tangu kitufe kiliposhuka hadi mchezaji wa katika kioo alipotikisika. Namba atakayoipata itakuwa kubwa kuliko ile ya saa mbili, kwa sababu ndani yake mna kuchelewa kwa padi na kwa kompyuta pia.

Dawa iko katika rimoti

Karibu kila televisheni ya kioo kipana ya miaka ya karibuni ina mpango maalumu kwa ajili ya michezo. Katika menyu ya picha hutajwa kwa neno Game, na mara nyingi umefichwa ndani kabisa, baada ya mipango ya sinema na ya michezo ya uwanjani. Ile ya uwanjani, iandikwayo Sports, ni mtego: imetengenezwa kwa watazamaji wa mpira, na kwa kawaida huongeza mapambo badala ya kuyapunguza. Kijana wetu alikuwa ameuchagua huo, akiamini kwamba mchezo wa mpira ni mchezo wa mpira.

Tulipobadilisha na kurudia jaribio la saa mbili, tofauti ilishuka hata isiweze kusomeka kwa uhakika kwa njia yetu. Televisheni ilikuwa imeacha kujipamba. Rangi zilififia kidogo na nyasi za uwanja zikawa si mbichi kama zamani, jambo ambalo mteja mmoja alilisikitikia sana.

Nukta, macho na benchi

Kisha tukakuta kasoro ya pili, ambayo kwa mwalimu ni kubwa kuliko ya kwanza: maandishi hayakusomeka vizuri. Kioo chochote kimejengwa kwa nukta ndogo za rangi. Televisheni nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo, ambazo jumla yake ni 1,049,088. Nyingine zina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600, takriban mara mbili.

Inchi 32 ni kipimo cha ulalo, kutoka pembe hadi pembe. Kwa kanuni ya Pythagoras, kioo cha 16 kwa 9 kina ulalo wa sehemu 18.36, kwa hiyo upana wake ni 32 × 16 ÷ 18.36, karibu inchi 27.9, au sentimita 70.8. Zigawe milimita 708 kwa nukta 1366, utapata milimita 0.52 kwa kila nukta. Kioo cha kompyuta cha inchi 22 chenye nukta 1920 kwa upana kina nukta za milimita 0.25 tu.

Jicho zima huweza kutenganisha vitu viwili vinavyofanya pembe ya dakika moja, ambayo ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Nukta ya milimita 0.52 hufanya pembe hiyo ikiwa mbali mita 1.8 hivi. Nukta ya 0.25 hufanya pembe hiyo kwa sentimita 87. Kwa hiyo mtu aketiye mbele ya televisheni hiyo kwa umbali wa meza ya kawaida ataziona nukta zenyewe, na herufi zitamwonekea kama zimefumwa kwa ukili. Akirudi nyuma hadi mita 1.8 nukta zitapotea, lakini herufi ndogo nazo zitapotea pamoja nazo! Mwalimu hana budi kuziongeza ukubwa katika mipangilio ya kompyuta.

Ukungu waweza kuwa na sababu nyingine. Kompyuta ikituma picha ya nukta 1280 kwa 720 kwenye kioo cha 1366 kwa 768, kila nukta iliyotumwa yapaswa kutandazwa juu ya nukta 1.07 za kioo. Nukta haikatiki, basi televisheni hukisia, na makisio hayo ndiyo ukungu. Kanuni ni moja: kompyuta itume idadi ile ile ya nukta iliyomo katika kioo.

Hata idadi zikilingana, waweza kukuta ukingo wa picha umekatwa, na ule mstari wa chini wenye alama za programu hauonekani kabisa. Hii ni desturi iliyorithiwa. Televisheni za zamani zenye bomba la kioo zilikuwa na kingo zisizotulia, kwa hiyo watengenezaji waliikuza picha kidogo ili kasoro zifichwe nyuma ya fremu. Bomba limekwenda zake, desturi imebaki. Televisheni ikiikata picha asilimia 2.5 kila upande, kioo cha nukta 1920 hupoteza nukta 48 kushoto na 48 kulia, kisha hutandaza zilizobaki, nao ukungu ukaongezeka juu ya hasara. Katika menyu ya ukubwa wa picha chagua ule usiokuza, ambao kila kiwanda huuita kwa jina lake.

Rangi nazo zina hila yake. Kwa kuwa jicho hutambua mwanga kwa makini zaidi kuliko rangi, matangazo ya televisheni tangu zamani yametuma rangi kwa uchache kuliko mwanga. Televisheni nyingine huendelea kufanya hivyo hata zikipokea picha kutoka katika kompyuta. Sura ya mtu haidhuriki, lakini herufi nyekundu juu ya rangi ya buluu hutapakaa kama wino juu ya karatasi mbovu. Katika baadhi ya televisheni, ukilibadili jina la tundu la HDMI liwe PC, rangi zote hupitishwa. Ni ajabu kwamba kubadili jina kunabadili picha, ila ndivyo zilivyotengenezwa.

Kuhusu waya sina mengi. Waya wa zamani wa VGA, wenye pini 15, hupeleka picha kwa volti zinazopanda na kushuka, haupeleki sauti, na ukiwa mrefu huleta vivuli. Waya wa HDMI hupeleka tarakimu. Mwenye televisheni ya nukta 3840 kwa 2160 achunguze matundu yake: kwa HDMI ya toleo la 1.4 picha kubwa namna hiyo hazizidi 30 kwa sekunde, na kwa toleo la 2.0, la mwaka 2013, zaweza kufika 60.

Kompyuta haikuuzwa. Shida iliyobaki ilikuwa ya kibanda chenyewe, ambacho urefu wake ndani haufiki mita mbili. Wachezaji walipotaka kurudi nyuma ili nukta zipotee, migongo yao iligusa bati. Kijana akautoa mlango na kuliweka benchi nje, chini ya upenu, na sasa mvua ikinyesha mchezo husimama. Siku za Jumatatu mchana hutuazima televisheni kwa somo la kuandika programu, kwa sharti kwamba mpango wa picha tuuache kama tulivyoukuta.

Zoezi. Televisheni ya inchi 43 ina nukta 3840 kwa 2160. Tafuta upana wa kioo chake kwa sentimita, upana wa nukta moja kwa milimita, na umbali ambao nukta hiyo hufanya pembe ya dakika moja. Linganisha na kioo cha kompyuta cha inchi 22 kilichotajwa hapo juu. Kisha eleza: kama televisheni hiyo inapokea picha 30 tu kwa sekunde nayo huzuia picha mbili, mpira unaovuka kioo chake chote kwa sekunde moja utakuwa umesogea sentimita ngapi kabla mchezaji hajauona ukianza kwenda?